Jiwe Ndani ya Nta

Salimu alirudi Sindeni Jumatano alasiri peke yake, mzega mtupu begani, na hilo lilimfanya Zamda aweke mchi chini. Wanaume wawili walikuwa wameondoka Jumatatu alfajiri, yeye Salimu na jirani yake Mdoe, mume wa Zamda, kila mmoja na madonge manane ya nta, manne yakining'inia mbele ya mti na manne nyuma, kwenda kuuza kwenye ghala la Korogwe. Sasa alikuwa amerudi mmoja.

"Mwenzako yuko wapi?" Zamda aliuliza.

"Nipe maji kwanza, shemeji."

"Maji yapo. Sema kwanza."

Salimu alikaa kizingitini, akasema huku akitazama miguu yake. Mdoe amefungwa. Yuko chumba cha nyuma cha ghala, mguu mmoja kwenye mnyororo, askari mlangoni. Ndani ya donge lake moja limekutwa jiwe.

"Jiwe?"

"Jiwe, shemeji. Kama ngumi ya mtoto. Nimeliona kwa macho yangu."

Mama yake Mdoe, Bibi Fatu, alikuwa kwenye mkeka akichambua choroko. Mkono wake ukasimama, halafu ukaendelea, ila sasa ulikuwa unatupa choroko nzima na kuacha zilizotobolewa. Hakuna aliyemtazama.

Salimu alieleza namna ilivyokuwa. Sindeni watu walizoea frasila na pishi. Kilo ilikuwa imekuja na garimoshi, miaka mitatu tu iliyopita, na haikuwa na ule uungwana wa pishi wa kuongeza gao moja, kiganja kimoja, kwa ajili ya mtoto wa mteja. Karani wa ghala, Kaleb, Mshambaa aliyesoma misheni, alikuwa anapima donge moja moja. Kwa kuwa Zamda humimina nta yake yote kwenye kibuyu kimoja kilichopasuliwa nusu, madonge yake yalikuwa sawa kama mapacha. La kwanza kilo nne. La pili kilo nne. Mpaka la tano kilo nne. La sita likaja kilo nne na robo.

"Karani akalirudisha mara tatu," Salimu alisema. "Akalipima kwa mkono, akaliweka ubavuni mwa mwenzake. Ukubwa ule ule, uzito mbalimbali. Akachukua kisu."

"Na yale mengine?"

"Yote kilo nne. Lakini Akida Sadala, msimamizi wa serikali pale, anasema aliyetia jiwe kwenye moja ametia mchanga kwenye saba. Karani alitaka kuyapasua, akakatazwa. Akida anasema mchanga mwembamba hauonekani kwa kisu, na madonge mazima yanapendeza zaidi mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Mzungu huyo anashuka hapo na garimoshi la Ijumaa mchana. Nta ya Handeni imekwisha kumtia akida aibu mara mbili mwaka huu, shemeji. Ameambiwa alete mwizi. Sasa anaye."

"Watamfanya nini?"

Salimu alikunywa maji yake ndipo akajibu. "Hamsa ishirini. Halafu miezi sita ya barabara."

Hakukuwa na mtu Handeni wa kuelezwa hamsa ishirini ni kitu gani. Ni viboko ishirini na tano, vinahesabiwa kwa sauti, na aliyevila hulala kifudifudi wiki mbili, kama ana bahati. Mwaka uliopita mtu wa Kwamsisi alivila kwa kuchelewa kulima pamba ya serikali, na mpaka leo akiinama kufunga kuni huinuka kwa mafungu. Mdoe hakuwa mtu mnene. Mgongo wake Zamda aliujua vizuri, alihesabu mifupa yake kila alipompaka mafuta baada ya nyuki kumuuma, na sasa aliiona ile mifupa mbele ya macho yake.

"Mdoe hakujua," Salimu alisema. "Njia nzima alikuwa analalamika mzega unamvuta nyuma. Manne mbele, manne nyuma, na bado ilibidi asogeze bega karibu na yale ya nyuma ndipo mti utulie. Nikamcheka, nikamwambia umezeeka. Mtu anayejua ana jiwe nyuma angelalamika mbele ya mwenzake? Nimemwambia akida hivyo. Kasema jirani ni shahidi wa bure."

"Nani alilitia?" Zamda aliuliza, na hakuwa anamuuliza Salimu. Nta ile aliichemsha yeye. Aliikamua yeye, aliichuja yeye, aliimimina yeye, isipokuwa donge la kwanza la msimu. Donge la kwanza lilikuwa la mama mkwe. Kwa miaka mitano ya ndoa, kila siku ya kumimina mara ya kwanza, Zamda alikuwa anatolewa jikoni na mlango kufungwa.

"Kesho alfajiri nakwenda," alisema.

"Na mimi," alisema Bibi Fatu kutoka mkekani.

"Mama, miguu yako."

"Miguu ni yangu."

*

Walikwenda watatu. Salimu alikuwa hajapumzika, lakini kubaki nyumbani kungemchosha zaidi. Alhamisi nzima walitembea kwa mwendo wa Bibi Fatu, ambao ulikuwa wa kusimama kila baada ya shamba moja, na jioni walifikia kwa binamu yake Salimu, mwendo mfupi kabla ya mto wa kuvukia Korogwe. Zamda alikuwa amefikiri njia nzima. Alichokijua kuhusu nta hakikuwa kikubwa, lakini alikijua kwa mikono. Unatia masega kwenye chungu cha maji, unachochea moto. Udongo, mchanga, vumbi la mti, vyote vinakwenda chini. Nta inakuja juu. Hakuna siku ilipokwenda chini. Alimwambia Salimu jambo hilo mara mbili, na mara zote mbili Salimu alijibu, "Ndiyo, shemeji," kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Ijumaa asubuhi mto ulikuwa umejaa. Masika yalikuwa yameanza milimani Usambara kabla ya kufika bondeni, na maji yalikuja mekundu, yamebeba matawi. Mvushaji, mzee aliyeitwa Semboja, aliwapanga ndani ya mtumbwi mmoja nyuma ya mwingine, akawaonya wakae katikati kabisa.

"Akiegemea mmoja upande, tutakunywa maji sote," alisema. "Humu hakuna kugeuka, hakuna kuinuka, hata ukiumwa na siafu."

Akausukuma mtumbwi. Bibi Fatu, ambaye hajawahi kukanyaga mtumbwi maishani mwake, alitazama mbele akaona pua ya mtumbwi haielekei Korogwe hata kidogo. Ilikuwa inaelekea juu ya mto, kwenye mkuyu uliokuwa mbali na mji.

"Baba, Korogwe ni kule."

"Najua, bibi."

"Mbona unatupeleka kwenye mti?"

Semboja hakuacha kupiga kasia. "Mtumbwi huu una wenyewe wawili, bibi. Mimi nauvuta kwenda ng'ambo. Mto unauvuta kwenda Pangani, na una nguvu kuliko mimi. Nikielekeza Korogwe tutapakuliwa Maurui huko chini. Nikielekeza juu, kiasi kile kile mto unachotushusha, tunakwenda sawasawa. Jana nilielekeza kwenye kile kichuguu. Leo maji yameongezeka, naelekeza kwenye mkuyu."

Ilikuwa kweli. Pua ilitazama mkuyu na mtumbwi ukawa unakwenda Korogwe ubavu ubavu, kama kaa. Lakini Bibi Fatu hakuona kaa, aliona maji. Katikati ya mto, tawi kubwa lilipopita karibu na kuuyumbisha mtumbwi, alishika bega la Zamda kwa kucha zote kumi.

"Zamda. Jiwe ni langu. Nisije nikafa nalo."

Zamda alitaka kugeuka.

"Kaa," alisema Semboja.

Zamda akakaa. Kwa hiyo aliyasikia yote akiwa ameupa uso mto na mgongo mama mkwe, bila ya kuweza hata kuinua mkono. Lilikuwa jiwe la baba mkwe wake Fatu, alilolitoa mahali alipotundika mzinga wake wa kwanza. Kila msimu, donge la kwanza, mke mkubwa wa nyumba humimina nta kidogo, anaweka jiwe juu yake, anamimina iliyobaki, anasema maneno ya kuwaombea nyuki wasihame. Kisha kabla nta haijaganda analichomoa kwa upawa, anasawazisha, na jiwe linarudi kwenye chungu chake chini ya kitanda. Mwaka huu maneno yalikuwa hayajakwisha mtu akaja kutoka Kwamsisi kusema dada yake yu hoi. Fatu alitoka mbio, nta ikaganda na jiwe ndani, na Zamda akalitoa donge kwenye kibuyu bila kujua. Aliporudi baada ya wiki tatu za msiba, madonge manane yalikuwa yamepangwa ukutani, na macho yake hayakuweza kutambua la kwanza ni lipi.

"Ningesema tuyavunje yote? Ningekwambia nini? Nikajidanganya kwamba nta ni nta, watayeyusha huko kwa Wazungu, jiwe watalitupa."

"Ukaliona linatoka nyumbani kwenye bega la mwanao," Zamda alisema taratibu, kwa sababu mtumbwi haukuruhusu namna nyingine. "Jumatano ukamsikia Salimu. Jana tumetembea kutwa. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Zamda alikuwa na hasira ambayo nchi kavu ingemfanya apige kelele. Miaka mitano ametolewa kwenye jiko lake mwenyewe, kwa ajili ya hilo. Alizitazama kingo za mtumbwi, akapumua, akazitazama tena. Walipogusa ng'ambo, pale pale mbele ya njia ya mjini, hasira ilikuwa imebaki ila imepoa kiasi cha kuweza kutumika.

"Utasema mbele ya akida?"

Bibi Fatu alikuwa anajifuta matope. "Mbele ya watu? Nimeswali miaka hamsini, Zamda. Nitaitwa mwabudu mawe. Watoto wa Korogwe watanifuata njiani."

"Sitakulazimisha," Zamda alisema. "Yale saba nitayatetea mimi, kwa sababu ni yangu. La nane ni lako."

*

Ghala lilikuwa la bati, karibu na reli, na chini ya ukingo wa paa lilikuwa na pipa kubwa la kukingia mvua, limejaa. Wauzaji wa nta walikuwa foleni tangu alfajiri. Habari za jiwe zilikuwa zimewafikia wote, na wote walikuwa wanachelewa kwa sababu yake, maana sasa Kaleb alikuwa anageuza kila donge kama mtu anayetafuta kupe.

"Hao ndio wa jiwe," mmoja alisema, na wakasogea kando, si kwa heshima.

Askari aliwauliza wamebeba nini. Zamda akaonyesha unga wa muhogo waliobakiza njiani. Askari akatia kidole ndani mpaka kwenye kifundo, akakizungusha, akakifuta kwenye kanga ya Bibi Fatu. Akawaambia wakae chini, juani, si kivulini, kivuli ni cha wauzaji. Bibi Fatu alikaa chini kwa shida. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo vimepotea.

Kaleb aliwaona akajua ni kina nani. Tangu Jumanne hakuwa amelala vizuri. Yeye ndiye aliyelikuta jiwe, na alikuwa amelikuta kwa haki, kwa mizani na kwa akili, na kwa muda wa kama dakika mbili alikuwa amejisikia fahari. Kisha akida akasema maneno ya hamsa ishirini, na fahari ikamtoka. Alitoka nje, akainama.

"Shikamoo, bibi. Ingieni kivulini."

"Marahaba, baba. Tumekatazwa kivuli."

Kaleb alimtazama askari, askari akatazama reli, na wanawake wakaingia kivulini. Huko ndiko Akida Sadala alikowakuta, akiwa na kanzu nyeupe tayari kwa sala ya Ijumaa. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa pwani aliyepelekwa bara, kati ya Mzungu asiyesikiliza na watu wasiompenda, na kila alipolala aliota anafukuzwa kazi. Watu wa namna hiyo hupiga sana.

"Shikamoo, Akida," Zamda alisema. "Mimi ni mke wa Mdoe. Nta hii nimeichemsha mimi. Mume wangu kazi yake ni kukwea miti na kurina. Kama kwenye hayo saba kuna mchanga, ni wangu, nifungwe mimi."

Salimu alimvuta kanga, akamwacha.

"Basi wa kufungwa wawili," alisema akida.

"Sawa. Lakini nakuomba lile pipa la maji."

"Unataka kuoga?"

Watu walicheka. Zamda alingoja wamalize. "Mimi nta naisafisha kwa maji, Akida. Kila uchafu unakwenda chini, nta inakuja juu. Mchanga hauwezi kuelea. Kama nta yangu imejaa mchanga, itakwenda nao. Itie majini uone."

Akida aligeuka kumtafuta mtu wa kucheka naye, akakutana na uso wa Kaleb, haucheki.

"Analosema linapimika, Akida," karani alisema. "Mizani inaniambia uzito tu, haina habari na ukubwa. Jiwe lile nililijua kwa sababu nilikuwa na madonge ya ukubwa mmoja. Maji yanapima vyote viwili pamoja. Kitu kikiwa kizito kuliko maji yanayoenea mahali pake, kinazama. Kikiwa chepesi, kinaelea. Tulifundishwa."

"Mlifundishwa," alisema akida, lakini alikuwa amesogea karibu na pipa.

Donge la kwanza lilitumbukizwa. Likazama lote. Kisha likapanda, polepole, bila haraka yoyote na maisha ya mtu, likatoa kichwa nje ya maji na kubaki hapo. La pili likafanya hivyo hivyo. La tatu. Yote saba, moja baada ya jingine, yalikaa majini na utosi mdogo tu nje.

"Yamebakiza kidogo kuzama," akida alisema. "Tazama. Kijisehemu tu kiko nje. Hayo ni mazito."

"Nta ndivyo ilivyo," Zamda alisema. "Weka ya mtu mwingine."

Kaleb alichukua donge la muuzaji wa mbele kabisa kwenye foleni, mtu ambaye akida mwenyewe alikuwa amempitisha wiki iliyopita na kumsifu. Mwenye donge alijaribu kusema jambo, akaacha. Likazama, likapanda, likatoa utosi ule ule.

"Mchanga kidogo hauzamishi," akida alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua, ingawa yeye mwenyewe hakuitambua. "Mwizi mwerevu anatia kidogo."

"Basi tutie kidogo," Zamda alisema.

Aliomba kisu. Kaleb akakwangua vipande kutoka madonge yote saba, mbele ya watu, na Zamda akavikanda viganjani mpaka vikalainika, akafanya kidonge kama yai la kuku. Akakitia majini, kikaelea. Akakitoa, akainama chini ya ukingo wa paa, akashika mchanga kwa ncha za vidole viwili, kiasi mtu anachotia chumvi kwenye yai, akaukanda ndani. Kikaelea. Mara ya pili kikaelea, lakini chini kidogo. Mara ya tatu kilionekana kama jicho tu juu ya maji. Foleni ilikuwa imevunjika, wote wamezunguka pipa, na askari pia. Mara ya nne kidonge kilisita, maji yakakifunika na kukifunua, kikawa hakijui la kufanya. Mara ya tano kilikwenda chini na hakikurudi.

"Mara tano," Kaleb alisema. Alikiopoa, akakiweka kwenye mizani yake kubwa ya chuma, na mizani haikutikisika. Wakaangalia wote. "Mchanga huu wote, Akida, mizani yako haiuoni hata kidogo. Na tayari umekizamisha, na tangu mara ya pili ulikishusha, ilhali yale saba yameelea sawa na la mwenzao. Mtu atakayeiba kwa kiasi kidogo kuliko hiki ataiba nini? Atakuwa anajichosha."

Muuzaji mmoja alicheka, halafu wawili, na safari hii hawakuwa wanamcheka Zamda. Akida Sadala alichomoa leso, akajifuta paji la uso.

"Saba ni safi," alisema. "Nakubali, mimi si mtu wa kukataa nilichokiona. La nane je? Jiwe halikuingia lenyewe. Nani alilitia?"

Zamda hakugeuka nyuma. Alikaza macho kwenye maji ya pipa, na alijua kwamba akisema neno moja sasa hatamsamehe mama mkwe wake wala mama mkwe hatamsamehe yeye. Kwa mbali sana, upande wa Tanga, garimoshi lilipiga honi.

"Ni mimi," alisema Bibi Fatu.

Alikuwa anajaribu kuinuka. Salimu alimshika kwapani, akasimama, mdogo, na matope ya mtoni yangali kwenye kanga yake. Akasema yote. Alianza kwa sauti ya chini na akida akamwambia apaze, akapaza. Jiwe, baba mkwe, mzinga wa kwanza, maneno ya kuwaombea nyuki, dada yake wa Kwamsisi. Alipofika kwenye chungu cha chini ya kitanda mtu mmoja alipiga mluzi.

"Mwislamu wewe?" akida aliuliza.

"Mwislamu, baba."

"Unaswali?"

"Naswali."

"Na unalilea jiwe kitandani."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Bibi Fatu alikipokea akiwa wima, machozi yanamtoka bila ya yeye kuyafuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika Salimu. "Nicheke mimi, baba," alisema. "Mimi nina haki ya kuchekwa. Mwanangu hajui hata rangi ya jiwe. Mwachie."

Kaleb alikuwa ameingia ndani. Alirudi na jiwe, akaliweka juu ya pipa jingine tupu lililopinduliwa, akaanza kulikwangua ubavuni kwa ncha ya kisu. Nta ya juu ilikuwa njano, ya mwaka huu. Chini yake ilikuwepo nyingine ya kahawia, ngumu. Chini ya hiyo nyingine, na nyingine, nyembamba kama maganda ya kitunguu, mpaka zikawa nyeusi na kushikana na jiwe lenyewe.

"Nimehesabu kumi na moja," alisema, "na huku ndani sioni tena pa kutenganisha. Akida, jiwe hili limeingia kwenye nta na kutoka, kila mwaka, tangu mimi sijazaliwa. Jiwe la mwizi lingeuzwa mara ya kwanza, lisingerudi nyumbani. Bibi huyu amesahau kulitoa mara moja."

Akida alilichukua. Alilipima mkononi, alinusa. Harufu yake ilikuwa ya asali na moshi, na ilimkumbusha kitu cha nyumbani kwao pwani, hirizi ya bibi yake ndani ya sanduku, ambayo habari zake hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Akaliweka haraka.

"Bwana Shauri anataka mwizi," alisema kwa Kaleb, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo wote waliisikia. "Nitampa nini?"

"Mpe pipa," karani alisema. "Ukimpa mwizi mmoja leo, mwezi ujao atakudai mwingine. Ukimpa pipa, kila nta ikapita majini kabla ya mizani, hutadaiwa tena. Mwambie umelibuni."

Akida Sadala alifikiri. Honi ililia tena, karibu zaidi. Alinyoosha kanzu yake, na ukiwa karibu ungeona namna uso wake ulivyokuwa unabadilika, kutoka mtu anayeogopa kufukuzwa mpaka mtu aliyebuni jambo.

"Mfungueni," alimwambia askari. "Na hilo jiwe litoke mbele yangu."

*

Kaleb aliandika madonge saba, kilo ishirini na nane, safi, na la nane bila jiwe akalipima vipande vipande na kulilipia pia. Jiwe alilifunga kwenye gazeti akampa Bibi Fatu. Bibi Fatu hakulishika. Alielekeza kwa kidevu kwa mkwewe.

"Mpe huyu. Msimu ujao nitamfundisha maneno, yeye atashika upawa. Macho yangu hayafai, na jiko ni lake."

Zamda alilipokea. Hasira yake haikuwa imekwisha yote, na hakujifanya imekwisha, lakini alilifunga jiwe kwenye pindo la kanga kwa fundo zuri.

Mdoe alitoka kwa mlango wa nyuma akichechemea, kifundo cha mguu kimechubuka na mnyororo. Alifumba macho kwa sababu ya jua. Salimu alimvuta pembeni akamweleza, na walioko mbali waliona tu namna Mdoe alivyokuwa anasikiliza, kichwa chini, mara akamtazama mkewe, mara pipa, halafu kwa muda mrefu mama yake, aliyekuwa amekaa tena chini, amegeuza uso ukutani.

Siku tatu chumbani Mdoe alikuwa amekaa na swali moja, ni nani anayemchukia kiasi hiki. Alikuwa amewapitia majirani wote, mmoja mmoja, na kuwachukia kwa zamu, Salimu mara mbili. Kumbe hakuwepo mtu. Alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake. Mama yake hakugeuka.

"Niseme nini, Mdoe," aliuambia ukuta. "Ningekuua."

"Umesimama mbele ya watu wote hawa, nimeambiwa."

"Wamenicheka."

"Nimesikia. Kicheko kilifika mpaka ndani. Sikujua ni wewe."

Garimoshi lilikuwa linaingia sasa, na watu walikimbilia kulitazama, akida mbele yao. Salimu alisema ni heri waondoke kabla Mzungu hajashuka na kubadili akili za watu. Bibi Fatu alijaribu kusimama. Miguu ilikataa. Alijaribu tena, akashika ukuta, akakaa, na safari hii alilia kwa sauti, kwa aibu ya kuwa mzigo baada ya yote aliyoyafanya.

Mdoe aligeuka, akampa mgongo, akashuka mpaka goti lake likagusa vumbi.

"Panda, mama."

"Nitakuumiza."

"Mgongo mzima, mama. Hakuna aliyeugusa. Panda."

Bibi Fatu akaweka mikono yake kwenye mabega ya mwanawe, akapanda, na Mdoe akainuka naye, akayumba kidogo, akasogeza uzito mpaka ukakaa sawa, wakashika njia ya mtoni.